Mawaridi ya mama yananifia mkononi, natafuta tiba ya asili

Kijana wa Moshono · 9 Februari, saa 3 usiku

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine habari za jioni.

Mama yangu ana mashina 38 ya mawaridi kuzunguka nyumba yake hapa Moshono, Arusha. Mengine aliyapanda kabla sijaanza darasa la kwanza. Desemba alisafiri kwenda Dar kumuuguza dada yake, akaniachia funguo, kuku na sharti moja: nisiyaue mawaridi yake. Anarudi baada ya Pasaka.

Hali yenyewe ndiyo hii. Majani yalianza kupauka. Ukiyatazama kwa karibu yana vidoti vya manjano kama yamechomwachomwa na sindano. Halafu yanageuka rangi ya shaba na kudondoka. Huko juu kwenye machipukizi nako kuna unga mweupe, majani machanga yamejikunja kama sambusa na vitumba vinagoma kufunguka.

Nilikwenda duka la pembejeo mikono mitupu, nikasema tu "nataka dawa ya wadudu wa maua". Nikapewa kichupa. Nimepuliza mara tatu ndani ya wiki mbili na hali imezidi. Kuku wanashinda chini ya mashina hayo hayo, na mama ana tabia ya kuchuma petali akatia kwenye maji ya kumwogesha mjukuu. Sitaki tena sumu. Naomba njia za asili, na tafadhali zile ambazo umezitumia mwenyewe, siyo za kusikia kwa jirani.

Mti Mkavu · 9 Februari, saa 3 usiku

Naweka kambi hapa. Ya kwangu yamebaki miiba mitupu.

Babu Ugoro · 9 Februari, saa 4 usiku

Kijana, hiyo kazi ndogo. Chukua majani ya tumbaku makavu, gao moja, loweka kwenye lita mbili za maji usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, puliza. Kila chenye miguu kitaanguka. Sisi huku Urambo tumetumia tangu enzi za baba zetu, na ni kitu cha asili kabisa.

Skauti Mstaafu · 9 Februari, saa 4 usiku

Babu, heshima yako iko palepale, ila hapo kwenye "asili kabisa" nakukatalia. Nikotini imetoka kwenye mmea, kweli, lakini ni sumu kali na inapenya kwenye ngozi. Wewe wa Urambo unajua zaidi yangu: mchumaji akishika tumbaku mbichi yenye umande siku nzima, jioni anatapika na kichwa kinazunguka. Sasa hayo maji unataka yapulizwe kwenye petali zinazokwenda kumwogesha mtoto? Hata wenye kilimo hai wameikataa tumbaku.

Kijana, usinunue wala kuchemsha kitu chochote leo. Nilikuwa skauti miaka 11 kwenye mashamba ya maua Naivasha. Ndio wale watu wanaopita mstari kwa mstari na lenzi shingoni wakihesabu wadudu. Kazi yetu haikuwa kupuliza, ilikuwa kujua nani yuko wapi na ni wangapi. Kesho asubuhi nifanyie haya:

Shika karatasi nyeupe chini ya tawi lililopauka, ligonge mara tatu, usubiri nusu dakika. Kama vumbi lililoanguka linatembea, njoo useme. Geuza jani utazame mgongoni. Ule unga mweupe ufute kwa kidole, uone kama unafutika. Na unitajie kiambata, yaani ile sumu yenyewe iliyomo, kilichoandikwa kwenye kichupa, siyo jina la mbele lenye picha ya mdudu.

Babu Ugoro · 9 Februari, saa 5 usiku

Hapo kwenye kutapika umenigusa, ni kweli. Ila wadudu walikuwa wanakufa!

Kijana wa Moshono · 10 Februari, saa 2 asubuhi

Skauti, vumbi linatembea. Nimesisimka mwili mzima. Vidude vyenyewe ni vidogo kuliko nukta ya kalamu. Nimepiga picha na simu nikaivuta, vina rangi ya kijani kilichofifia na doa jeusi kila upande wa mgongo. Nyuma ya majani kuna nyuzi nyembamba sana kama za buibui. Ule unga unafutika, chini yake jani limekuwa la zambarau kidogo. Kichupa kimeandikwa lambda-cyhalothrin.

Skauti Mstaafu · 10 Februari, saa 7 mchana

Basi una wageni wawili kwa wakati mmoja, na hawajuani.

Wa kwanza ni utitiri. Siyo mdudu hasa: ana miguu minane, ni ndugu wa buibui na kupe, ndiyo maana ya hizo nyuzi. Anatoboa chembe za jani moja baada ya nyingine na kufyonza kilichomo, kwa hiyo kila kidoti ulichokiona ni sahani aliyokwisha kula. Anapenda joto na ukavu. Kwenye nyuzi 27 hadi 30, yai linakuwa mzazi kwa wiki moja hivi. Februari ya Arusha ndiyo sikukuu yake. Tena nabahatisha: mashina yaliyoumia zaidi ni ya upande wa barabara ya vumbi. Nimekosea?

Ile dawa ni ya jamii ya pairethroidi. Inaua wadudu wengi, wakiwemo wale wanaomla utitiri, lakini utitiri mwenyewe anaimudu. Ulipuliza mara tatu, ukaua askari mara tatu, ukamwachia mwizi nyumba. Usijilaumu, mashamba makubwa nayo yalijifunza hivyo hivyo kwa hasara.

Dawa yako ya kwanza ni maji. Shika mpira wa bustani, bana mdomo kwa kidole gumba, piga mgongo wa majani kutoka chini kwenda juu mpaka nyuzi zote zitoke. Fanya asubuhi mapema ili jua likaushe majani, rudia kila baada ya siku mbili kwa wiki mbili. Watu hulidharau hili kwa kuwa haliuzwi dukani. Utitiri akidondoka matopeni wengi hawarudi, na majani yakiwa hayana vumbi hata wanaomla wanafanya kazi vizuri.

Kabla ya kuanza, chuma majani yaliyokwisha kuwa shaba, yatie kwenye kiroba, funga, acha juani. Usiyapeleke kwenye mboji.

Wiki ya pili anza sabuni. Sabuni ya mche ya kawaida, siyo ya unga ya kufulia. Ikune upate gramu 10, yeyusha kwenye lita moja ya maji, ukipata ya mvua ni bora kwa sababu maji magumu yanaifanya igande. Sabuni inaua aliyeguswa tu. Ikikauka kazi imekwisha, na mayai haiyagusi. Ndiyo maana unarudia kila baada ya siku 5, mara tatu, uwakute walioanguliwa kabla hawajataga. Jaribu tawi moja kwanza, subiri siku mbili uone kama halikuungua. Usipulize shina lenye kiu, wala jua likiwa kali.

Mgeni wa pili, yaani ule unga mweupe uitwao ubwiri, kesho. Simu inaisha chaji.

Kijana wa Moshono · 10 Februari, saa 7 mchana

Upande wa barabara, ndiyo. Wewe ni mganga?

Mkorosho wa Newala · 10 Februari, saa 2 usiku

Nimesikia ubwiri nikaamka. Unga mweupe kwenye machipukizi, maua yanakauka kabla ya kufunguka? Huko kwetu huyo ndiye ubwiri unga, adui namba moja wa korosho. Sisi tunapiga salfa ya unga maua ya korosho yanapotoka. Nina kiroba kimebaki, waridi linaweza kuvumilia? Na je, mikorosho inaweza kuambukiza mawaridi ya mke wangu?

Skauti Mstaafu · 11 Februari, saa 12 jioni

Mkorosho, umenirahisishia. Jina ni moja, kuvu ni tofauti. Wa korosho haingii kwenye waridi, wa waridi haingii kwenye korosho, hawatembeleani. Mke wako asihamishe bustani.

Salfa inafaa, na kilimo hai kinairuhusu. Ila kwa mashina 38 usitumie ile ya kutimua vumbi, tafuta ya kuchanganya na maji. Usipige siku ya joto la kupita nyuzi 30, majani yanaungua. Usipige ndani ya wiki mbili baada ya kupaka mafuta yoyote, hata ya mwarobaini. Funika pua na macho. Na ujue salfa inawasumbua pia utitiri wazuri wanaokula wenzao, kwa hiyo siyo kitu cha kupiga kila Jumamosi kama ibada.

Sasa ubwiri wenyewe. Watu wengi wanadhani kila kuvu anataka jani lililoloa. Huyu hapana. Mbegu zake zinaota kwenye jani kavu, na maji yakikaa juu ya jani yanazizuia. Anachotaka ni mchana mkavu na usiku wa ubaridi wenye unyevu hewani, yaani Arusha hiyo hiyo uliyomo. Kwa hiyo yale maji ya asubuhi ya kumpiga utitiri yanampunguza na ubwiri.

Halafu shika mkasi. Ncha zote zenye unga kata, chini kidogo ya palipougua, juu ya jicho linalotazama nje. Katikati ya shina pogoa paonekane kama bakuli, upepo upite. Futa mkasi kwa spiriti kila unapohama shina. Na niambie ukweli: uliweka mbolea gani?

Kijana wa Moshono · 11 Februari, saa 1 usiku

Urea. Na samadi ya kuku mbichi kutoka bandani. Nilitaka mama akirudi akute yamenawiri.

Skauti Mstaafu · 11 Februari, saa 1 usiku

Nilijua. Nitrojeni nyingi inatoa machipukizi laini, marefu, matamu. Umewaandalia karamu. Simamisha mpaka masika, kisha utumie mboji iliyoiva.

Upendo Bustani · 12 Februari, saa 4 asubuhi

Nichangie kuhusu ubwiri, kwa sababu mimi niliunguza mawaridi sita kwa ujinga wangu na sitaki mwingine apite huko.

Nilisoma mahali kwamba soda inaua ubwiri. Nikaenda gengeni, nikaomba magadi. Nikachanganya vijiko viwili kwa lita, nikapuliza saa sita mchana. Kesho yake majani yalikuwa kama yamepitiwa na pasi. Baadaye ndipo shemeji yangu anayepika mikate akanielewesha: inayozungumzwa ni soda ya kuokea. Magadi ya kulainishia maharage ni makali zaidi. Na usije ukaomba hamira, hiyo ni kitu kingine kabisa, wala ile pauda ya keki ambayo ina mchanganyiko wake.

Sasa natumia soda ya kuokea kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, na matone machache ya sabuni ili ishike jani. Mara moja kwa wiki, jioni. Inazuia zaidi kuliko kuponya. Ukiona unga umeshatanda usitegemee soda peke yake.

Na maziwa jamani! Maziwa freshi sehemu moja, maji sehemu tisa. Nilicheka nilipoambiwa, lakini yanafanya kazi.

Pesa Kwanza · 12 Februari, saa 5 asubuhi

Maziwa kwenye maua 😂😂 Kesho mtatuambia tuyanyweshe na uji. Hizi ni hadithi za bustani za bibi. Mtu mwenye hekta mbili akifuata uzi huu atauza shamba.

Skauti Mstaafu · 12 Februari, saa 2 usiku

Cheka tu, lakini maziwa yamepimwa. Mtafiti wa Brazil, Wagner Bettiol, alichapisha mwaka 1999 majaribio yake kwenye mamung'unye machanga ndani ya kitalu nyumba: maziwa ya ng'ombe asilimia 10 mara moja kwa wiki yalidhibiti ubwiri unga vizuri. Ubwiri wa mamung'unye siyo wa waridi, nakubali, lakini kwenye waridi pia nimeona unarudi nyuma ukiwahi mapema. Piga asubuhi yenye jua. Ubaya wake ni harufu ukizidisha.

Na kuhusu hekta: shamba nililofanyia kazi lilikuwa kubwa kuliko hizo mbili zako mara nyingi, na utitiri tulimdhibiti kwa utitiri mwenzake. Anaitwa Phytoseiulus persimilis, mwekundu wa machungwa, mwepesi wa miguu, na chakula chake ni huyu wa madoa mawili. Hapohapo Naivasha kuna kampuni kama Dudutech zinazomzalisha na kumuuza akiwa hai, unamnyunyizia kwenye majani kama chumvi. Meneja wetu alianza kwa hofu, baadaye akawa anawalinda kuliko anavyotulinda sisi.

Sikudanganyi kwamba mashamba makubwa hayatumii kemikali. Yanatumia. Ubwiri vinyoya ukiingia kwenye baridi na mvua, ule unaoleta madoa ya zambarau yenye kona na majani yanapukutika ukigusa tu, pale hakuna mtu anayesubiri maziwa. Na kuna nondo ambaye Ulaya hawataki kumwona hata mmoja ndani ya boksi. Lakini Kijana hauzi Ulaya. Ana mashina 38, kuku na mama.

Kijana wa Moshono · 12 Februari, saa 2 usiku

Swali la haraka. Leo kwenye karatasi nimeona kimoja chekundu kinakimbia kuliko vingine. Nimekisaga kwa kidole. Nimefanya dhambi?

Skauti Mstaafu · 12 Februari, saa 2 usiku

Umeua askari wa nne. Skauti tulikuwa na kanuni: anayekimbia mwache, anayezubaa ndiye mwizi.

Mswahili wa Tanga · 14 Februari, saa 3 asubuhi

Mmezunguka kote mmeuacha mwarobaini? Huku Tanga mti uko kila uani, na kila mtu anachemsha majani halafu analalamika haifanyi kazi. Nguvu iko kwenye mbegu. Okota zilizoiva na kuanguka, zimenye, zianike kivulini zisiote ukungu. Ukitaka kutumia, menya ganda, twanga kiini, gramu 50 kwa lita moja ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo. Puliza jioni siku hiyo hiyo. Jua linaua nguvu yake haraka, ndiyo maana ukipiga asubuhi unamwagilia tu.

Halafu uwe na subira. Haidondoshi mdudu papo hapo kama dawa ya dukani. Anapoteza hamu ya kula, mtoto anashindwa kujivua gamba, uzazi unapungua. Mtu akipuliza leo na kuchungulia kesho anasema ameuziwa maji.

Nyanda za Juu · 14 Februari, saa 4 asubuhi

Sisi wa Mafinga tuna pareto, wala hatuhitaji kusubiri. Unga wa maua yake unaangusha vidukari mbele ya macho yako.

Mswahili wa Tanga · 14 Februari, saa 4 asubuhi

Na nyuki pia mbele ya macho yako.

Nyanda za Juu · 14 Februari, saa 5 asubuhi

Ni kweli, sikatai. Ndiyo maana tunapiga magharibi nyuki wakiwa wamerudi, mpaka asubuhi jua linaanza kuimaliza. Ukiwa na bwawa la samaki kaa nayo mbali kabisa. Na utitiri haimwondoi, hilo nalo niseme wazi. Pareto ni ya vidukari na nzi weupe wakizidi, siyo ya kila siku.

Binti Mwembeladu · 15 Februari, saa 1 usiku

Assalaam alaykum jamaa. Mie niko Maskati, nausoma uzi wenu nakumbuka kwetu, mawaridi ya bibi pembeni ya asumini na mkilua.

Nyumba ya mume wangu wana mashamba Jebel Akhdar, juu huko kama mita 2,000, mahali pa mawaridi ya kutolea marashi. Msimu wake ni mwisho wa Machi mpaka Mei, watu wachuma alfajiri jua halijapiga. Maji ya waridi yenyewe yatiwa kwenye kahawa na kwenye halua, yaani tunayanywa. Basi yule mzee wa shamba, ami yake mume wangu, nikimuuliza dawa gani huyapigia, hunitazama kama nimemtukana. Kazi yake kubwa aifanya wakati wa baridi: apogoa mpaka huruma ikutoke, afagia kila jani lililoanguka, achimbia samadi iliyooza. Vidukari wakija avikamua kwa vidole vyake viwili, shina kwa shina, huku akisimulia. Mie nilidhani mzaha mpaka nikamwona.

Skauti Mstaafu · 15 Februari, saa 2 usiku

Huyo mzee angeajiriwa Naivasha siku hiyo hiyo.

Neema wa Kitale · 21 Februari, saa 6 mchana

Hamjambo. Samahani kuingilia, mimi niko Kitale. Majani ya mawaridi yangu yanakatwa pembeni, vipande vya mviringo safi kabisa, kama mtu ametumia kopo la soda kukata maandazi. Simwoni mdudu. Nipulize nini?

Skauti Mstaafu · 21 Februari, saa 8 mchana

Dada Neema, usipulize chochote. Huyo ni nyuki mkata majani. Hali jani, analibeba kwenda kutandikia vyumba vya watoto wake. Waridi halifi kwa hilo, na yeye anakuchavushia mboga zako. Ukiona matundu yasiyo na mpangilio, yenye kingo zilizotafunwa, hapo rudi usiku na tochi. Utawakuta mbawakawa au viwavi mezani.

Kijana wa Moshono · 3 Machi, saa 1 usiku

Mrejesho, wakuu.

Maji wiki mbili, sabuni mara tatu. Karatasi nyeupe sasa ina vidude viwili vitatu badala ya kumwagika kama mtama. Majani mapya yametoka safi. Unga mweupe umebaki kwenye mashina manne ya upande wa ukuta, kule jua linafika saa tano. Nimepiga maziwa mara mbili. Kuku wananifuata nyuma.

Tatizo jipya: vidukari. Wamejaa kwenye vikonyo vya vitumba, wa kijani, wengine waridi waridi. Juu yao kuna sisimizi, wanapanda na kushuka kama daladala. Na majani ya chini yana kitu cheusi kama masizi, kinanata.

Upendo Bustani · 3 Machi, saa 2 usiku

Anza na sisimizi. Vidukari wanakunya maji ya sukari, sisimizi wanayalamba, na kwa malipo wanawafukuza wadudu wanaokula vidukari. Ni mfugaji na ng'ombe wake. Mimi huzungushia kipande cha kitambaa kwenye shina, karibu na ardhi, halafu napaka grisi juu ya kitambaa, siyo kwenye gome lenyewe. Hakikisha hakuna tawi linalogusa ukuta au nyasi, la sivyo wanapita daraja. Ndani ya siku chache nikawaona wale wadudu wa mviringo wekundu wenye madoa meusi wamerudi.

Na ukiona kidude kirefu cha kijivu chenye alama za machungwa, kama kijimamba kidogo, usikiue. Huyo ndiye mtoto wa wale wekundu, na anakula vidukari kuliko mama yake. Mwaka juzi niliwaua wote nikidhani ni viwavi.

Hayo masizi ni ukungu unaoota juu ya ile sukari. Ukimaliza vidukari, osha kwa maji ya sabuni, unatoka.

Skauti Mstaafu · 3 Machi, saa 3 usiku

Sina la kuongeza, isipokuwa kwamba kidukari jike anazaa watoto hai bila dume, na mtoto anazaliwa tayari ana mimba. Usiwasubiri wikendi.

Mti Mkavu · 4 Machi, saa 2 asubuhi

Anazaliwa ana mimba?? Haya maisha.

Kijana wa Moshono · 11 Aprili, saa 4 usiku

Masika imeshika kweli kweli, na mimi nimerudi na aibu. Utitiri umekwisha. Vidukari wachache, nawakamua kama yule ami wa Jebel Akhdar. Lakini wiki hii majani ya chini yana madoa meusi ya duara, kingo zake zimechanika kama wino ulioloa, jani linakuwa la manjano kuzunguka doa, halafu linaanguka. Mashina kumi na mbili hivi. Na nimeendelea kupiga maji kwa mpira kila baada ya siku mbili kama mlivyonielekeza.

Skauti Mstaafu · 12 Aprili, saa 12 asubuhi

Zima mpira sasa hivi! Kosa ni langu, sikukuambia lini uache.

Huo ni ugonjwa wa madoa meusi, na tabia zake ni kinyume cha ubwiri unga. Kuvu huyu anahitaji jani libaki limeloa saa saba au zaidi ndipo aingie, na anasafiri kwa matone yanayoruka kutoka ardhini na kwenye majani yaliyoanguka. Februari maji juu ya majani yalikuwa tiba. Aprili ndiyo yanayompeleka mgonjwa kaburini. Ukilazimika kumwagilia, mwaga chini kwenye shina, asubuhi.

Leo leo, hata kama kuna manyunyu, chuma kila jani lenye doa na okota yaliyoanguka, usiache hata moja. Choma au fukia mbali. Majani ya chini kabisa yanayokaribia kugusa udongo ondoa hata yakiwa mazima, kimo cha shubiri mbili hivi. Kisha tandaza matandazo mazito ili tone likianguka lisirushe udongo. Hapo Arusha maganda ya kahawa yanapatikana, ni mazuri, ila yasigusane na shina lenyewe.

Jani lenye doa haliponi, usipoteze maziwa. Unalinda mapya. Ukipata siku mbili kavu, salfa ya maji inasaidia kuzuia, na baridi ya sasa haitaunguza. Na kama kuna shina moja ambalo kila masika linaugua kuliko mengine yote, muulize mama kama analipenda sana. Yapo mawaridi yaliyozaliwa kuwa hodari na mengine wagonjwa wa kudumu.

Kijana wa Moshono · 12 Aprili, saa 1 asubuhi

Lipo. La mlangoni, la rangi ya njano. Na ndilo analolipenda.

Skauti Mstaafu · 12 Aprili, saa 1 asubuhi

Basi utalihudumia maisha yako yote.

Kijana wa Moshono · 26 Aprili, saa 2 usiku

Mama amerudi jana. Amezunguka nyumba nzima na mkoba begani, hajaingia hata ndani. Ameinama, amegeuza jani moja la lile la mlangoni, amelinusa ua. Nikasubiri. Kaniuliza kitu kimoja tu: kwa nini mawaridi yake yananuka mtindi.

Upendo Bustani · 26 Aprili, saa 2 usiku

😂😂😂 Ulizidisha kipimo!

Mti Mkavu · 27 Aprili, saa 3 asubuhi

Hongera kijana. Skauti, na mimi nimegonga karatasi leo, baada ya miezi miwili na nusu ya kusoma. Nimepata vidude vinatembea, lakini siyo nukta. Ni vyembamba kama vipande vya uzi, vya hudhurungi, vingine vinaruka. Na petali zina kingo za kahawia.

Skauti Mstaafu · 27 Aprili, saa 7 mchana

Hao ni vithiripi, wanakaa ndani ya ua siyo nyuma ya jani. Kata maua yote yaliyofunguka na kuchoka, uyatie kwenye kiroba na ukifunge hapohapo shambani, usitembee nayo wazi. Tafuta kipande cha plastiki cha bluu, siyo cha njano, kipake grisi nyepesi, kining'inize usawa wa vitumba. Jumapili hesabu waliokwama, uniletee namba.

Mti Mkavu · 27 Aprili, saa 7 mchana

Ndoo ya bluu ipo. Naikata sasa hivi.